Siku 81 za Ramovic: kocha aliondoka, mpira wake ukabaki Jangwani

Jioni ya Jumanne, Februari 4, 2025, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kahawa mtaani kwetu, kikombe cha pili mkononi, simu ya jirani yangu ilipoanza kulia mfululizo. Akasoma, akanyamaza, akampa aliyekaa pembeni yake. Ile simu ilipita mikono sita kabla haijanifikia. Yanga imeachana na Sead Ramovic. Anakwenda Algeria, kwa CR Belouizdad. Nafasi yake anachukua Miloud Hamdi, ambaye wiki chache tu nyuma alikuwa ametangazwa kuwa kocha wa Singida Black Stars. Na sisi siku tatu kabla ya hapo tulikuwa tumetoka kuifunga Kagera Sugar 4-0.

"Tumekwisha," jirani akasema.

Mzee anayetumiminia kahawa akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye birika: "Mwanangu, kocha hachezi."

Mimi ni mwana Yanga, timu ya Jangwani, na usiku ule nililala na maneno ya wote wawili. Msimu ulipokwisha nilikaa na matokeo ya ligi, mechi moja baada ya nyingine, kuanzia ya kwanza mpaka ya 30, nione nani kati yao alikuwa sahihi. Nimeona wote wawili walikosea. Hatukuisha, huo ni ukweli ambao kila mtu anaujua. Lakini hatukusalimika kwa sababu kocha si kitu. Tulisalimika kwa sababu alichokileta yule bwana kilikuwa tayari kimeshawaingia wachezaji, na wachezaji hawakuondoka naye.

Turudi nyuma kidogo. Msimu wa 2024/25 Yanga ilianza chini ya Miguel Gamondi, Muargentina aliyetupa ubingwa wa 2023/24, aliyeifunga Simba 5-1 Novemba 5, 2023, na kutufikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, tukatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti. Mtu wa namna hiyo humfukuzi hivi hivi. Msimu mpya akaanza kwa kushinda mechi nane za kwanza za ligi bila nyavu zetu kutikiswa hata mara moja. Kisha zikaja siku tano mbaya. Novemba 2, 2024 tukafungwa 1-0 na Azam pale Chamazi, Ibrahim Bacca akiwa ametolewa kwa kadi nyekundu mapema. Novemba 7, uwanja ule ule, Bacca hayupo, Tabora United wakatupiga 3-1. Novemba 15 Gamondi akapewa "thank you", kama tunavyosema siku hizi, na siku hiyo hiyo Ramovic akatangazwa, akitokea TS Galaxy ya Afrika Kusini.

Tangu Novemba 15 mpaka Februari 4 ni siku 81.

Mwanzo wake ulikuwa mchungu. Novemba 26, hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, tulimpokea Al Hilal ya Sudan kwa Mkapa tukachapwa 2-0. Nakumbuka kipindi cha pili miguu ya wachezaji wetu ilikuwa mizito kama imefungwa mawe. Tukaenda Algiers, MC Alger wakatupiga 2-0 nyingine. Mechi mbili za makundi, pointi sifuri, bao sifuri. Mtaani watu walikuwa wanamkumbuka Gamondi kwa sauti. Ikaja Lubumbashi, Desemba 14: TP Mazembe wako mbele, muda umekwisha, tuko kwenye dakika za nyongeza, Prince Dube akasawazisha. Kwangu mimi, msimu uligeukia pale. Tukarudi kwenye ligi tukaifunga Mashujaa 3-2, Prisons 4-0, Dodoma Jiji 4-0, Fountain Gate 5-0, yote hayo ndani ya siku kumi na moja. Januari 4 tukaifunga Mazembe 3-1 nyumbani. Januari 12 tukaenda Nouakchott, ambako Al Hilal walikuwa wakichezea kwa sababu ya vita vya kwao, tukawafunga 1-0 kwa bao la mapema la Aziz Ki.

Kisha Januari 18, MC Alger kwa Mkapa. Tulihitaji ushindi tu, hata wa bao moja. Uwanja ulijaa. Ikaisha 0-0. Al Hilal pointi 10, MC Alger 9, sisi 8. Wawili wa juu wakapita, sisi tukatolewa.

Kwa jumla Ramovic alisimama kwenye mechi 13: alishinda tisa, akatoka sare mbili, akapoteza mbili, na hizo mbili alizopoteza ni zile mbili za mwanzo za makundi. Kwenye ligi alicheza sita akashinda zote. Mwezi Januari ligi ilisimama kupisha CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, CHAN yenyewe ikaahirishwa hadi Agosti, ligi ikarudi Februari 1 na ile mechi ya Kagera. Siku tatu baadaye akaondoka.

Naelewa kwa nini jirani yangu alisema tumekwisha. Yanga ilikuwa imeshapoteza kocha mmoja Novemba, sasa anaondoka wa pili, msimu ukiwa ndiyo kwanza umevuka nusu. Ukimfukuza kocha umeamua wewe, una sababu zako na labda una mtu mkononi. Kocha akikuacha mwenyewe, tena timu ikiwa inashinda, panauma pengine kabisa. Inakuwa kama mtu ametazama ndani ya nyumba yako akaona kitu ambacho wewe hukukiona. Ndiyo maana maneno yaliyozagaa wiki ile hayakuwa ya mpira. Watu walizungumzia heshima: kwamba ametudharau, kwamba ligi yetu kaiona ndogo, kwamba alikuja kupita tu. Mimi mwenyewe nilisema baadhi ya maneno hayo, na nilikuwa na hasira.

Kesho yake, Jumatano, tulicheza na KenGold pale KMC Complex, Mwenge. Tukashinda 6-1. KenGold walipata lao moja, shuti la Selemani Bwenzi kutoka mbali ambalo hata sisi tulilipigia makofi. Siku moja tu baada ya tangazo! Hakuna kocha duniani anayefundisha kitu ndani ya saa 24 kikazaa mabao sita. Na ule mchezo wa Jumatano ulikuwa ule ule wa Jumamosi: mpira haukai mguuni, beki wa pembeni yuko juu, ukipotea unatafutwa pale pale ulipopotea. Mzee wa kahawa aliniona naingia mtaani akacheka. "Nilikwambia." Sikumjibu, maana kwangu mechi ile ilithibitisha kinyume cha alichokuwa anasema. Kama kocha si kitu, timu ile ya Novemba ingecheza vile vile. Wachezaji ni wale wale.

Hesabu inasemaje? Yanga ilimaliza ligi na pointi 82, ikashinda mechi 27, sare moja, ikafungwa mbili. Ilifunga mabao 83 na kufungwa 10. Ukiugawa msimu kwa makocha, Gamondi ana mechi 10, pointi 24, mabao 14. Ramovic mechi sita, pointi 18, mabao 22. Baada ya Ramovic kuna mechi 14, pointi 40, mabao 47. Kwa wastani wa mechi moja ni bao 1.4, kisha 3.7, kisha 3.4. Mruko mkubwa ulitokea alipoingia Ramovic. Alipotoka, idadi ilishuka kidogo tu.

Mtu makini atasema wastani unadanganya, kwa kuwa wapinzani si wale wale. Ni kweli, na Ramovic kwenye ligi hakukutana na Simba wala Azam wala Singida Black Stars. Basi tupime kwa wapinzani wale wale. Timu tano alizocheza nazo Ramovic mzunguko wa kwanza, yaani Namungo, Mashujaa, Prisons, Dodoma Jiji na Fountain Gate, alizifunga jumla ya mabao 18 na kufungwa mawili. Mzunguko wa pili, yeye akiwa Algeria, timu zile zile tano zilifungwa 22 na hazikupata hata moja. Mashujaa waliotusumbua 3-2 tuliwafuata Kigoma tukawafunga 5-0.

Upande wa Gamondi, ukiiacha Kagera ambayo mechi yake ya marudiano ilimwangukia Ramovic, kuna timu tisa tulizokutana nazo tena baada ya Februari 4. Chini ya Gamondi tulizifunga jumla ya mabao 12. Mzunguko wa pili 25, zaidi ya mara mbili. Lakini hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaomtetea Ramovic wanapojiongezea. Kati ya hayo 25, kumi na mawili ni ya KenGold na KMC peke yao, sita kwa kila mmoja, na KenGold ilishuka daraja msimu ule. Ukiziondoa hizo mbili unabaki na timu saba: mabao 10 mzunguko wa kwanza, 13 wa pili. Pamba Jiji tuliwafunga manne chini ya Gamondi, matatu mzunguko wa pili. JKT Tanzania tuliwafunga mbili, tulipokwenda kwao Februari 10 ikaisha 0-0, na hiyo ndiyo sare yetu pekee ya msimu mzima.

Kwa hiyo mabadiliko hayakuwa sawa kila mahali. Mimi nayaona zaidi kwenye aina ya ushindi kuliko kwenye jumla ya mabao. Kati ya ushindi nane wa Gamondi, mitano ilikuwa ya 1-0: KenGold, KMC, Simba, Coastal Union, Singida. Tulikuwa tunapata letu moja tunaanza kulilinda, na roho zetu jukwaani ziko mkononi mpaka dakika ya mwisho. Katika mechi 20 za ligi zilizofuata baada ya Gamondi, ushindi wa 1-0 ni mmoja tu, dhidi ya Coastal, Aprili 7. Mmoja kati ya ishirini. Timu inayokuja kupaki basi langoni kwake ilikuwa inatutesa Oktoba, na Desemba ikawa ndiyo tunayoifunga manne au matano. Dhidi ya wakubwa, tofauti ilibaki ndogo: Singida 2-1, Azam 2-1, Simba 2-0.

Gamondi nisimwonee. Timu yake ile ile ilizifunga Vital'O ya Burundi na CBE ya Ethiopia jumla ya mabao 17 katika mechi nne za awali za Ligi ya Mabingwa. Mabao alijua kuyatafuta. Na kuanzia Oktoba 19 mpaka Novemba 7 alicheza mechi sita za ligi ndani ya siku 20, akiwemo Simba, Azam na Singida. Wapo wanaosema tatizo lilikuwa uchovu tu, na kwamba yeyote ambaye angekuja baadaye angekuta miguu imepumzika. Nimeifikiria sana hoja hiyo, na inaishia Februari. Mwezi ule, baada ya Ramovic kuondoka, Yanga ilicheza mechi sita ndani ya siku 24, kuanzia Mwenge hadi Kigoma hadi Mwanza, na ikafunga mabao 22. Sawa, wapinzani wa Februari kwa jumla walikuwa wepesi kuliko wale wa Oktoba. Lakini timu iliyochoka haiendi Kigoma ikafunga tano, halafu siku tano baadaye ikafunga tatu Mwanza.

Alichofanya Ramovic, mashabiki walikifupisha kwa maneno manne: gusa, achia, twende kwao. Ukiyasikiliza vizuri, yale maneno ni maelekezo kamili ya mazoezini. Gusa: mpira unapewa mguso mmoja, ikizidi sana miwili. Achia: ukishautoa usisimame kuutazama. Twende kwao: kila anayeachia anakimbia kwenda mbele, si kando. Na mpira ukipotea, wanne au watano waliokuwa wamekimbia mbele tayari wako karibu na aliyeuchukua, hivyo anakabwa kabla hajainua kichwa. Kazi ile inadai pumzi nyingi. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza tulifungwa: akili ilikuwa imeshaambiwa cha kufanya, mwili bado.

Mtazame Prince Dube. Alitoka Azam kuja kwetu katikati ya 2024, na mpaka Desemba hakuwa na hata bao moja la ligi akiwa na jezi yetu. Nilikuwepo watu wakimzomea, na nasikitika kusema baadhi yao ni rafiki zangu. Dube si mshambuliaji wa kusimama kati ya mabeki wawili akisubiri krosi. Ni mtu wa kukimbilia nafasi. Ukimpa timu inayozungusha mpira taratibu, anapofika kwenye nafasi mpira bado uko kwa Aucho kule katikati ya uwanja. Ukimpa timu inayogusa na kuachia, mpira na yeye vinafika pamoja. Desemba 14 akasawazisha Lubumbashi. Desemba 19 akaifunga Mashujaa mabao yote matatu, yakiwa ndiyo ya kwanza kwake ligini kwa Yanga. Alimaliza msimu na mabao 13. Ramovic alipoondoka Dube hakuacha kufunga, kwa sababu alichokuwa amekosa ni wenzake kumpa mpira mapema, na wenzake walikuwa wameshajifunza kuutoa mapema. Kocha hakuhitaji kuwepo kila Jumamosi kuwakumbusha.

Kuna wanaosema ni ubora wa kikosi tu. Diarra golini, Bacca na Job nyuma, Aucho na Mudathir kati, Pacome, Maxi, Aziz Ki, Mzize, nani asingefunga na watu hao? Kikosi hicho hicho ndicho kilichofungwa tatu na Tabora. Na Mei 2025 Aziz Ki aliuzwa Wydad ya Morocco, mechi za mwisho za ligi tukazicheza bila yeye: Prisons 5-0, Dodoma Jiji 5-0, Simba 2-0. Mchezaji aliyekuwa roho ya timu ametoka, timu bado inacheza vile vile.

Hamdi naye ana haki yake. Pale benchi la kahawa wapo waliosema amekula alichopika mwenzake. Hapana. Hamdi ni mtu aliyeifikisha USM Alger fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2015, na sifa yake kubwa kwangu ni jambo ambalo halionekani kwenye karatasi: hakubomoa. Kocha mpya anayeingia katikati ya msimu ana kishawishi cha kuonyesha kwamba yeye si mwenzake. Anabadilisha mfumo, anamweka nje mchezaji aliyependwa na aliyetangulia, anataka wiki ya pili tu watu waseme hii ni timu yake. Hamdi aliikuta gari inatembea akashika usukani. Nadhani alichoongeza ni utulivu wa nyuma na subira. Mechi 14 za ligi, mabao manne tu ya kufungwa. Na subira ilihitajika, kwa kuwa msimu ulivurugika: dabi ya Machi 8 na Simba haikuchezwa, ikawa kiporo hadi Juni 25, na kati ya Februari 28 na Aprili 2 hatukucheza mechi ya ligi hata moja. Timu ya mwendo kasi ikikaa mwezi mzima bila mechi ya ligi inaweza kupoa. Yetu ilirudi Aprili 2 ikaifunga Tabora United 3-0, timu ile ile iliyomwondoa Gamondi.

Dabi ilipochezwa, ubingwa ukiwa unaamuliwa siku hiyo hiyo, Pacome alifunga penalti, Clement Mzize akamaliza kazi dakika za mwisho. Siku nne baadaye, Zanzibar, tukaifunga Singida Black Stars 2-0 tukachukua na Kombe la Shirikisho. Ubingwa wa nne mfululizo. Makocha watatu ndani ya msimu mmoja, vikombe vyote viwili vikubwa vya nyumbani. Ramovic yeye huko Algeria aliifikisha Belouizdad fainali ya kombe lao, akafungwa na USM Alger.

Basi, je, kuondoka kwake hakukuwa na gharama? Kuna moja naiona. Alitoka baada ya sisi kutolewa Afrika, wakati kilichobaki ni ligi na kombe la ndani. Angetuacha katikati ya makundi, kwa mfano baada ya Lubumbashi, sidhani kama tungeshinda Nouakchott, maana mechi kama ile inataka mtu anayejua hasa nani atachoka dakika ya 60 na nani ataingia. Ligi yetu ilitupa wapinzani ambao tungeweza kukosea dhidi yao na bado tukashinda. Bahati hiyo ya kalenda watu hawaitaji, lakini ilitusaidia sana.

Kwamba mpira wa kocha unaishi ndani ya wachezaji, hilo mwaka 2025 ulitupa na ushahidi wa upande wa pili. Septemba, Fadlu Davids aliondoka Simba kwenda Raja Casablanca katikati ya raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa. Fadlu alikuwa amekaa msimu mzima, ameifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, muda wa kuota mizizi alikuwa nao kuliko Ramovic. Lakini dirisha la usajili lilikuwa limebadilisha kikosi chake sana, mpaka nahodha Mohamed Hussein alikuwa amehamia kwetu. Kocha akatoka, na waliofundishwa naye mwaka mzima wengi walikuwa wameshatoka. Hemed Suleiman akashikilia kwa muda, akaja Dimitar Pantev Oktoba, Desemba akawa ameshaondoka. Sisemi hili kwa kumcheka Mnyama, yaani Simba. Kwetu nako lilitukuta. Hamdi alikwenda Ismaily ya Misri, Aziz Ki alikuwa ameshaondoka, Aucho akaondoka, wakaja wapya wengi, akaja Romain Folz. Oktoba tukaenda Malawi tukafungwa 1-0 na Silver Strikers, Folz akapewa mkono wa kwaheri hapo hapo. Mchezo ule wa gusa achia ulikuwa umepotea, na aliyekuja hakuwa na wa kumkumbusha. Tulipobadilisha kocha na kubakiza wachezaji, tulichukua vikombe. Tulipobadilisha vyote pamoja, tulianza upya.

Mzee wa kahawa nilimweleza yote haya siku moja, na hesabu nikamwonyesha kwenye karatasi. Aliisikiliza mpaka mwisho, akakubali ile ya 1-0 tano kwa moja. "Hiyo naiona," akasema. Kwamba kocha hachezi bado anashikilia, na kwa namna fulani tunasema kitu kimoja.

Jirani yangu ndiye hajakubali. Anasema Ramovic angebaki mwaka mmoja tu, MC Alger tungewapata tena na tungewafunga. Namwambia Ramovic alikuwa nao dakika 90 nyumbani kwetu, uwanja umejaa, akihitaji bao moja. Nilikuwa jukwaa la mzunguko, na mpaka filimbi ya mwisho wale jamaa walikuwa wamerudi wote nyuma ya mpira, na sisi tunagusa, tunaachia, na hatufiki.

"Ndiyo," ananijibu, "lakini angekuwa na mwaka."